Ubao wa Hansa Hadi Loresho

Musyoka alisema sitavuka mpaka wa Namanga. Mama Shiru wa saluni alisema nitavuka, lakini nitarudi kabla ya mwezi kuisha, nimekonda, na nitadanganya watu kwamba nilikuwa Machakos. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, maana mmoja aliniazima sanduku na mwingine koti. Musyoka alilifunga sanduku lile kwa kamba mbele ya bucha yake pale Kenyatta Market, akaniambia, "Wewe usiporudi si neno. Sanduku lirudi."

Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Wakati huo nilikuwa Kyalo mchora kuta, kijana wa kuchora mawimbi kwenye saluni na vinyozi bila kuwahi kuiona bahari. Watu walikuwa wakisimama nyuma ya ngazi yangu na kuniuliza, "Unachora bahari gani wewe, ya Nairobi Dam?" Leo nina diploma ya sanaa na usanifu kutoka Durban, imo ndani ya fremu ya kioo, na nimesimama juu ya mawimbi yaliyopita paa la saluni hizo. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Mnaonijua mnajua sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ndivyo yalivyo.

Mmeniuliza safari ya kurudi ilikuwaje, kila mmoja kwa wakati wake, nami nimechoka kurudia. Habari za tiketi na makaratasi ya mipakani nimeziruka. Nchi tano kwa basi zilinichosha, lakini hazikunitoa jasho. Jasho lilinitoka kwenye kilomita za mwisho, kutoka Accra Road hadi Loresho. Hizo zilinichukua siku mbili.

Durban: nyayo kwenye nta

Lazima kwanza mmjue Hansa. Ni mzaliwa wa Nairobi, amekulia Loresho, sasa ana miaka arobaini na kitu. Ana karakana nyuma ya duka la samaki, anachonga na kuchora mbao ndefu ambazo watu husimama juu yake kuteleza na mawimbi. Tulikuwa wachoraji wanne pale. Mmoja alichora povu tu, mwaka mzima, povu. Siku ya kwanza Hansa alitazama picha za kazi yangu ya Kenyatta Market kwenye simu, akasema, "Haya si mawimbi, ni mapazia. Mtu hawezi kuchora wimbi kabla halijamwangusha." Akaniazima ubao wake wa zamani nikaanguke. Nilianguka miezi minne.

Juu ya ubao hupakwa nta ili mguu usiteleze. Ni nta laini yenye harufu ya nazi. Mtu akisimama mahali pamoja siku nyingi, nyayo zake hubaki pale, kisigino na vidole vyote.

Baba yake Hansa, Mzee Kanti, alikuwa na duka la viatu katikati ya Nairobi kwa miaka arobaini, na alitaka kumwachia yeye. Hansa akaenda Durban kumsalimu shangazi, akaiona bahari, akabaki. Kuondoka kwake mzee angeweza kukumeza. Kilichomkwama kooni ni picha ya kwanza aliyotumiwa: binti yake sokoni, ananunua nyanya, peku. "Mtoto wa mwenye viatu," alimwambia kwa simu, "na unatembea hivyo mbele ya watu." Tangu hapo walizungumza Diwali kwa Diwali, dakika mbili, hali ya hewa.

Sasa mzee alikuwa anahamia Uingereza kwa mwanawe. Nyumba ya Loresho ilikuwa imeuzwa, na angeondoka Jumamosi saa nane mchana. Nilimuuliza Hansa kwa nini asiende mwenyewe kumuaga.

"Hajaniita," alisema.

Akanipa ubao wake wa futi tisa, ule wa kila siku. Tumboni umechorwa maji ya kijani, kijani kile cha kabla ya mvua. Mgongoni una nta, na kwenye nta nyayo zake mbili, nyembamba, wa kulia mbele. Alizifunika kwa karatasi ya nailoni kama mtu anayefunika kidonda. "Usimpe maneno," alisema. "Mpe huu mkononi. Aone ninaposimama."

Accra Road hadi duka lililokuwa la viatu

Basi lilipaswa kufika Jumanne. Lilikatika springi karibu na Tunduma, tukalala siku mbili na nusu kwa mama mmoja aliyetupikia wali na maharage, asubuhi, mchana na jioni, bila kubadilisha hata kitunguu. Nikateremka Nairobi Ijumaa asubuhi, na miguu bado inayumba. Hiyo haikuwa ya basi. Mtu akikaa na bahari muda mrefu, nchi kavu humchezesha. Nilikuwa nimeanza kuona chumvi ikitoka kwenye ngozi yangu, siku baada ya siku, na kila nilipooga njiani niliona kama ninajiibia.

Teksi nne zilitazama ubao na kuondoka. Bodaboda mmoja alicheka hadi akazima pikipiki. Aliyenikubali ni Njoroge, mvuta mkokoteni, mtu mfupi mwenye mgongo mpana, ambaye hakuuliza ni nini. Aliuliza tu, "Inavunjika?" Nikamwambia inavunjika. Akavua koti lake, akalitandika chini ya ubao.

Kwenye Moi Avenue askari wa kanjo, hao wa jiji, alitusimamisha kwa rungu.

"Hii bango ni ya kampuni gani?"

"Si bango, afande. Ni ubao wa kutelezea mawimbi."

"Mawimbi gani?"

"Ya bahari."

Alitazama barabara juu, akaitazama chini. "Bahari iko Mombasa. Hapa ni Moi Avenue. Bango bila kibali inarudi na sisi."

Mimi ni mtu wa diploma. Nilijua maelezo hayatatosha, lazima nimwonyeshe. Nikateremsha ubao, nikaulalia kifudifudi pale pale kando ya watu wanaopita, kifua kwenye ncha ya mbele, bila kugusa karatasi ya Hansa, na nikaanza kupiga makasia kwa mikono. Nikaeleza huku nikipiga: hapa wimbi linakuja, hapa unaliangalia kwa bega, hapa unainuka. Watu wakajaa. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Jameni mpeni huyu maji." Njoroge alishika mkokoteni wake na kutazama upande mwingine, kama mtu asiyenijua.

"Amka," askari alisema. "Amka uende, kabla sijaanza kukuamini."

Hansa aliniomba nipite dukani kwao nimwambie limekuwaje. Nililikuta Biashara Street. Limekatwa vibanda sita, vyote vya simu. Msichana anayeuza vifuniko vya simu katika kibanda cha mbele alimjua mzee vizuri.

"Huyo huja kila Alhamisi," alisema. "Anakaa na kiti hapo nje, anaangalia watu wakipita. Haangalii sura, anaangalia miguu. Aliniambia kiatu yangu ya kushoto inaisha kando, na kwamba nitaumwa mgongo. Na aki naumwa."

"Na jana alikuja?"

"Alikuja kutuaga. Alimuaga kila mtu na namba yake ya kiatu."

Ukutani mwa kibanda chake kulikuwa na kadi ya zamani, kahawia, aliyoikuta nyuma ya rafu na kuibandika kama pambo. Ilikuwa na mchoro wa mguu uliofuatishwa kwa penseli, jina la mteja, namba, na chini yake maneno mawili: *Atakuja mwenyewe*. Msichana alinieleza kwamba ndivyo mzee alivyofanya kazi. Kila mteja alisimama juu ya kadi na mzee akapiga magoti kumfuatisha. Wa kutumiwa viatu kwa basi, aliandikiwa *Atumiwe*. Wa kurudi kuvichukua aliandikiwa hivyo nilivyoona.

Niliipiga picha, nikamtumia Hansa. Hakujibu siku hiyo.

Hurlingham: mvua

Njoroge alivuta, mimi nikasukuma, tukapanda Valley Road kwenda Kenyatta Market, nilikopanga kulala, magari yakituzomea kwa honi. Watu husema magari mengi yanavuma kama bahari. Hao hawajaisikia. Gari hupita likaenda zake. Bahari ikiondoka unajua inarudi, na mwili mzima unaingoja. Mimi nilikuwa nikingoja pale Valley Road, na hakuna kilichorudi.

Hurlingham mvua ikatukuta. Tukasogeza mkokoteni chini ya baraza la maduka kwenye Argwings Kodhek, tukanunua chapati na maharage ya madondo kwa mama anayeuza na ndoo. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo za ofisi alikuja akijikinga kwa gazeti, akautazama ubao kwa hamu.

"Samahani, hiyo meza ya kupigia pasi mnauza? Nimetafuta refu hivyo kila mahali."

Njoroge alisubiri aende, akafuta mikono, akaniuliza, "Sasa si uniambie. Bahari iko aje?"

Ndugu zangu, nimeandika insha ya kurasa ishirini juu ya bahari na nikapewa alama za juu darasani. Nilimwambia ni kubwa. Nilimwambia ina chumvi, na kwamba asubuhi rangi yake ni moja na saa nne ni nyingine. Nilisikia maneno yangu yakining'inia. Mapazia tupu.

Njoroge alitafuna polepole. "Mimi nimebeba maji miaka kumi na mbili," alisema. "Mitungi kumi, ishirini, nikipelekea watu. Nimebeba maji mpaka nimepinda. Maji ikinibeba mimi, hiyo sijawahi ona."

Aliniomba asimame juu ya ubao kidogo tu, mvua ikinyesha. Nikamkatalia, kwa sababu ya nyayo za Hansa. Akasema sawa. Akavuta mkokoteni hadi Kenyatta Market bila kunung'unika, akachukua koti lake lililolowa, akaenda. Nilibaki nikimwangalia mgongo.

Kenyatta Market: usafi

Hapa nitasema ukweli ingawa unanishusha.

Saluni ya Mama Shiru ina viti vitatu na wimbi moja ukutani, nililochora mimi, na sasa nikilitazama naona haya. Yeye na msaidizi wake Eunice walipiga vigelegele. Niliuegemeza ubao kwenye ukuta, nikaondoa karatasi yote, ili wateja waone mtu ametoka wapi. Nikageuza tumbo la kijani, wakasema ala. Nikageuza mgongo. Kisha badala ya kueleza nta ni nini na zile nyayo ni za nani, nilitoa diploma yangu sandukuni nikavuka kwenda kwa Musyoka, kwa sababu kwake kulikuwa na watu wengi zaidi.

Musyoka alinikatia mbavu za mbuzi. Nikala, nikasimulia. Diploma ilizunguka meza hadi meza ikapata alama ya kachumbari kwenye kioo. Kuna mtu aliniuliza kama papa wanauma kweli, nikamjibu kwa robo saa. Nilikaa hapo saa mbili.

Niliporudi, ubao ulikuwa unang'aa kama sahani.

"Njoo uone kitu yako sasa," Mama Shiru alisema, kitambaa begani. "Ulituletea uchafu ya nchi tano, Kyalo. Hiyo mafuta ya nazi ilikuwa imeoza. Nywele imeshika, mavumbi imeshika. Eunice ameipitisha draya ikayeyuka yote, tukasugua na sabuni. Mtoto wa hapa hatoki kwangu na kitu chafu."

Mnawajua watu wa saluni. Wanaamini chochote chenye harufu ya nazi na nywele juu yake ni kazi yao. Na walikuwa sahihi kuhusu draya. Hata Durban nta huondolewa hivyo.

Nilipiga magoti nikapapasa mgongo wa ubao kutoka juu hadi chini. Ulikuwa laini. Nikawaeleza, sasa, yale niliyopaswa kueleza saa mbili kabla: duka la viatu, picha ya sokoni, miaka ya Diwali, Jumamosi saa nane. Mteja aliyekuwa chini ya mashine akainua kichwa ili asikie vizuri.

Mama Shiru alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya mchana. "Si ungesema," alisema.

"Ningesema."

Musyoka alikuwa amenifuata na mfupa mkononi. "Umesema kwangu saa mbili nzima. Umesema mpaka ya papa. Hiyo moja ndiyo ilikushinda?"

Nilimpigia Hansa mara moja, nikakata kabla haijalia. Wazo lililofuata lilikuwa la Mama Shiru, lakini aliyelikubali ni mimi. Tukayeyusha mishumaa sita kwenye jiko la gesi, tukachanganya na mafuta ya nazi ya nywele, tukapaka pale pale palipokuwa na nta. Halafu tukamvua Eunice ndala. Kwa makadirio yangu, na mimi ni mtu niliyesomea vipimo, miguu yake ilikuwa sawa na ya Hansa.

"Kanyaga kama unangoja wimbi," nilimwambia.

"Inatoka upande gani?"

"Upande wa choo."

Akakaza macho kwenye mlango wa choo, akakunja magoti, akakanyaga. Nyayo zilitoka safi kabisa. Mama Shiru akasema hata mama mzazi hangejua.

Loresho

Jumamosi asubuhi Musyoka alinipeleka kwa pikapu yake ya mbuzi, ubao ukiwa umefungwa nyuma kwa kamba. Kwenye Waiyaki Way lori lilikuwa limelala upande, tukasimama saa moja na nusu. Musyoka hakunisema njiani. Alizima redio, na hiyo kwake ni kusema. Tulipokata kuingia Loresho ilikuwa saa sita na nusu. Nyua zimekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule, barabara kimya. Askari wa geti aliuona ubao akadhani tumekuja kuchukua fanicha, akatufungulia bila swali.

Vitu vya nyumba vilikuwa nje kwenye nyasi: maboksi, meza, viti vimefungwa miguu kwa magazeti. Katikati alikaa Mzee Kanti, mdogo, mweupe wa nywele, suti kamili, viatu vyeusi ambavyo ungejiona ndani yake. Nilijitambulisha. Alikuwa ananitazama miguu.

"Kijana, umevaa tisa na mguu yako ni nane," alisema. "Nani alikuuzia hiyo?"

Nikamwambia nimetoka kwa Hansa. Mikono yake iliacha kucheza na ufunguo iliyokuwa nao. Nililaza ubao kwenye nyasi mbele yake, nikasema yale niliyoagizwa: kwamba hana maneno, anataka mzee aone anaposimama. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa kioo cha Mama Shiru.

Mzee aliteremka kwenye kiti akapiga magoti, goti moja kisha la pili, kwa urahisi wa mtu aliyepiga magoti miaka arobaini. Akaweka kidole kwenye kisigino, akakipeleka taratibu hadi kidole cha mwisho. Akarudia mguu wa pili. Nikafikiri analia.

"Huyu ni namba sita," alisema. "Msichana. Amevaa ndala maisha yake yote, kidole kikubwa imetoka nje. Kazi yake ni ya kusimama, siku mzima, sakafu ya simiti." Akainua uso. "Hansa ni nne na nusu. Kidole yake ya pili inapita ya kwanza, kama ya mama yake. Huyu ni nani, kijana?"

Kwa mara ya kwanza tangu nipate diploma, nilitamani kuwa mtu ambaye hajafika popote.

"Anaitwa Eunice, Mzee. Ni wa saluni, Kenyatta Market."

Nikamweleza yote. Sikumtaja Mama Shiru wala sabuni yake. Nilisema nilikuwa nazo nyayo za binti yake tangu Durban, nikazifuta, halafu nikataka kumdanganya. Nyuma yangu nilimsikia Musyoka akivua kofia.

Mzee alibaki magotini. "Alikanyaga," alisema, "na wewe ukafuta."

"Nilifuta, Mzee."

"Zilikuwa za kina?"

"Za kina sana. Ni miaka."

Alitingisha kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayepiga hesabu ya uzito wa mtu na miaka. Nilingoja anifukuze. Saa ilikuwa inakaribia saba na dereva wake alikuwa ameanza kupakia mabegi.

"Mimi sijawahi kuona yeye akisimama huko juu," alisema mwishowe. "Anasimama aje?"

Nikavua viatu vyangu vya namba tisa. Nikapanda ubaoni, mguu wa kulia mbele, nikainama kama Hansa anavyoinama, bega moja chini, mkono wa nyuma umelegea kama amesahau kwamba anao, na uso umegeuka kutazama kitu kinachokuja. Nilimwona mara elfu akisimama hivyo saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa ya kijivu na yeye mtu wa pekee mle ndani. Niliposimama pale Loresho juu ya nyasi, mita nyingi sana juu ya bahari, nilimkumbuka yeye, nikaikumbuka baridi ya kwanza inayokupanda kifundoni. Sikuweza kushuka mara moja.

Mzee alikuwa anafungua kamba za viatu vyake. Akavua, akavua na soksi, akazikunja ndani ya viatu. Miguu yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Sidhani ilikuwa imegusa nyasi tangu utoto wake.

"Nishike," alisema.

Nikamshika mkono. Alipanda juu ya nyayo za Eunice, akaweka kulia mbele, akakunja magoti yake ya suti. Jua lilikuwa limelainisha mishumaa yetu, na nilimwona akizama kidogo. Aligeuza uso nilivyogeuza mimi. Akatazama huko, juu ya ua, muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Inasonga," alisema.

"Ni nyasi, Mzee. Haisongi."

"Inasonga, kijana. Wewe shika tu vizuri."

Aliposhuka alimwambia dereva afungue boksi moja lililokwisha kufungwa. Akatoa kadi ya kahawia, tupu, na penseli fupi. Akaiweka kwenye nyasi, akasimama juu yake, akanipa penseli. Mimi nikapiga magoti. Nilifuatisha mguu wake wa kulia, halafu wa kushoto kwenye kadi ya pili, na alinisahihisha mara tatu jinsi ya kushika penseli wima. Akachukua kadi zote mbili, akaandika juu ya goti lake, akazifunga pamoja kwa mpira.

"Hii ndiyo utampelekea badala ya ile ulifuta," alisema. "Ubao weka wewe. Huko naenda haiingii kwa lifti."

Akavaa viatu, akafunga kamba, akaingia garini. Ilikuwa saa nane kasoro.

Siku niliyomaliza

Sikuzisoma kadi hadi tulipofika Kangemi. Nilizikabidhi kwa dereva wa basi ninayemjua wa kwenda kusini, nikangoja. Nilikuwa nimeapa sitarudisha alichoniazima mtu yeyote mpaka deni la Hansa lilipwe kwanza. Sanduku na koti ni vitu, lakini zile nyayo nilikuwa nimezipoteza mimi.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu yangu ililia, ni yule dereva: kadi zimefika mkononi mwa Hansa. Nikatoka.

Sanduku la Musyoka nilikuwa nimelichora mawimbi pande zote, mawimbi ya kweli safari hii, mazito. Aliligeuza mara mbili. "Sasa nitabebea nini, bahari?" alisema. Lakini akaliweka juu ya kaunta, mahali pa mizani, na mizani akaihamisha.

Koti la Mama Shiru lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi kwenye mikono. Nilimwomba radhi kwamba sikuwahi kulifua. Alilinusa, akamnusisha Eunice, akalitundika nyuma ya mlango. "Liache hivyo," alisema. "Hakuna mtu anaifua hii."

Njoroge nilimkuta Accra Road akipakia mitungi. Yeye aliniazima mgongo na koti. Nikaulaza ubao kando ya mkokoteni, nikamwambia avue viatu. Alisimama juu yake hadi wenzake wakaanza kumtania kwamba amefika Zanzibar, na hata hapo hakushuka.

Nikiwa pale ndipo ujumbe wa Hansa ulipoingia. Ilikuwa picha ya kadi mbili za baba yake, zimebandikwa juu ya mlango wa karakana: miguu miwili ya penseli, *Kantilal*, namba saba, na chini yake kwa mwandiko wa dukani, *Atakuja mwenyewe*. Nyuma ya kadi, kupitia mlango, bahari ilikuwa ya kijani kile kile. Niliitazama mpaka kioo cha simu kikazima. Chini ya picha alikuwa ameandika maneno matatu: *Mwambie aje peku.*

Nilimpigia mzee Uingereza nikamsomea. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini, mchanga wa huko saa sita mchana huwa moto kiasi gani.